Kazi Isiyo na Ujira wala Shahidi

Liko swali ambalo wazee wetu hawakuwa na haja ya kuliuliza, kwa kuwa kwao kila kazi ya mikono ilikuwa na sababu iliyo wazi. Mpini ulichongwa kwa sababu shamba lilikuwa likingoja jembe, na mwiko ulichongwa kwa sababu chungu kilikuwa motoni. Lakini siku hizi wako watu wengi, hasa katika nchi za baridi, wafanyao useremala jioni baada ya kazi yao ya mchana, hali hawakuagizwa na mtu, wala hawalipwi na mtu, na mara nyingi hawaonwi na mtu. Je, kazi ya namna hii ni kazi kweli, au ni mchezo wa watu wazima? Na ikiwa ni kazi, yapasa kufanywaje, maadamu hapana bwana wa kuiamuru wala mnunuzi wa kuikagua? Twapenda kulipima swali hili pamoja nanyi, wasomaji wetu, maana tutaona ya kwamba haliwahusu maseremala wa mbali peke yao.

Kwanza yatupasa kuijua karakana yenyewe ilivyo. Katika upande wa kaskazini wa Marekani, na Kanada, na Ujerumani, na Uswidi, wakati wa baridi maji yaliyomo udongoni huganda kuwa barafu. Udongo ulioganda huvimba, na uvimbapo waweza kuuinua msingi wa nyumba na kuzipasua kuta zake. Kwa hiyo wajenzi huchimba hata kuupita udongo unaoganda, na huko chini ndiko waanzishako kuta. Na kwa kuwa shimo limekwisha kuchimbwa, watu wengi waliona heri kulifanya chumba. Zamani chumba hicho cha chini ya nyumba kilikuwa na tanuri ya kupasha nyumba moto, na rundo la makaa ya mawe, na viazi, na chupa za matunda yaliyowekwa akiba. Baadaye watu walipoanza kupasha nyumba zao moto kwa mafuta na kwa gesi, mahali pa makaa pakabaki patupu. Na hapo baba wa nyumba akaweka meza ya kazi, akapigilia rafu ukutani, akatundika misumeno yake. Mwaka 1947 mtu mmoja jina lake Hans Goldschmidt alianza kuuza huko Marekani mashine iitwayo Shopsmith, ambayo hiyo moja yaweza kugeuzwa kuwa msumeno, na keekee, na mashine ya kukereza, na ya kusugulia mbao. Maana aliwafikiria watu wenye kupenda useremala wasio na nafasi ya kuweka mashine nne.

Nafasi ni ndogo kweli. Dari i chini, hata ubao mrefu hauwezi kusimamishwa. Dirisha ni dogo, nalo liko juu usawa wa majani ya nje. Ngazi ni nyembamba, tena ina kona. Na mwenye busara huipima ngazi kabla hajaanza kutengeneza kabati, asije akalimaliza likawa mfungwa wa chumba hicho. Humo mtu hushuka baada ya chakula cha jioni, huwasha taa, huufunga ubao katika jiliwa, hunoa randa yake, huanza. Atengeneza nini? Kigoda, kibweta cha kuwekea barua, rafu ya vitabu, kitanda cha mtoto atakayezaliwa. Siku nyingine hatengenezi kitu, bali hunoa patasi tu, kisha hupanda kulala.

Sasa na tuyasikie maneno ya wenye kulaumu, wala tusiyapunguze nguvu. Wa kwanza asema hivi: Kigoda hicho kingenunuliwa dukani kwa fedha kidogo kuliko bei ya mbao zake peke yake, bila kuhesabu vyombo. Kiwanda hutoa vigoda vingi kwa siku moja, navyo vyote vyasimama sawasawa. Mtu huyu atumia jioni ishirini kwa kigoda kimoja, na pengine mguu mmoja ni mfupi. Je, huu si upotevu? Jioni hizo zingekuwa za watoto wake, au za mgonjwa wa jirani, au za kusoma.

Wa pili husema neno zito zaidi, nalo lawagusa hasa wasomaji wa gazeti hili. Sisi tumefundishwa tangu siku za Luther ya kwamba kazi ya mikono haiko chini ya kazi nyingine; mshona viatu na mjakazi wana wito wao kama alivyo nao mchungaji. Lakini kazi yao yaitwa wito kwa sababu gani? Kwa sababu jirani huhudumiwa kwayo: kiatu chapata mguu, na mkate wapata kinywa. Seremala wa chini ya nyumba hakuitwa na jirani yeyote. Hapana mtu aliyebisha mlangoni na kusema, Nipe kabati. Basi kazi isiyo na jirani ndani yake itaitwaje njema?

Twaona ya kwamba lawama hizi mbili hazijibiwi kwa kusema tu, Kila mtu na afanye apendavyo. Jibu hilo ni jepesi mno, na mtu mwenyewe akiwa peke yake huko chini halimtoshi.

Watu wengine walijaribu kujibu zamani, nao walikuwa walimu. Katika nchi ya Ufini alikuwako Uno Cygnaeus, aliyezaliwa mwaka 1810 akafa mwaka 1888, naye alikuwa mchungaji wa Kilutheri kabla ya kuwa mjenzi wa shule za watu wote katika nchi yake. Yeye alitaka kazi za mikono ziwe somo katika shule, na sheria ya shule ya mwaka 1866 ikazifanya somo kweli. Katika Uswidi alikuwako Otto Salomon, aliyezaliwa mwaka 1849 akafa mwaka 1907. Huyu alifungua mahali paitwapo Nääs chuo cha kuwafundisha walimu kazi ya mbao, na walimu wa nchi nyingi walikwenda huko kujifunza. Mafunzo yake yalianza kwa kisu na kijiti, yakaendelea hatua kwa hatua hata vitu vigumu. Na kila kilichotengenezwa kilikuwa kitu cha kufaa nyumbani, si kichezeo. Lakini neno kuu lilikuwa hili: mtoto hakufundishwa ili awe seremala. Alifundishwa ili mkono wake na akili yake vijuane, ajifunze uvumilivu, usahihi na unadhifu, na asiidharau kazi ya mtu afanyaye kwa jasho. Kwa maneno mengine, mtoto aliuchonga ubao, na ubao nao ukamchonga mtoto.

Hilo ni jibu jema, walakini halijamaliza. Mtoto ni mtoto. Mtu aweza kusema ya kwamba kwake kila kitu ni shule. Mtu mzima je, mwenye kazi yake na deni lake na mvi zake? Kwa huyo zatufaa habari za mtu mwingine, ambaye karakana yake ilikuwa kweli chini ya nyumba yake.

James Krenov alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Uelen, mwisho kabisa wa Siberia upande wa mashariki. Alikulia Alaska na Seattle, na mwaka 1947 alikwenda kukaa Uswidi. Alikuwa karibu na umri wa miaka arobaini alipoingia katika shule ya Carl Malmsten huko Stockholm, akajifunza kutengeneza makabati kwa miaka miwili. Kisha akafanya kazi katika chumba cha chini cha nyumba yake mtaani Bromma. Humo alitengeneza makabati madogo, machache, polepole sana. Randa zake alizitengeneza mwenyewe kwa mbao. Vishikio vya milango alivichonga kwa kisu. Ubao mzuri aliweza kuuweka miaka mingi akingoja kujua ungefaa kwa kazi gani. Mwaka 1976 alitoa kitabu chake cha kwanza, A Cabinetmaker's Notebook, na watu wengi wenye karakana ndogo nyumbani wakakisoma kama wasafiri waonao taa kwa mbali. Tangu mwaka 1981 hata 2002 alifundisha katika chuo cha College of the Redwoods huko Fort Bragg, California. Alikufa mwaka 2009.

Huyu hakuona haya kuitwa fundi asiye wa ujira. Neno ambalo Waingereza na Wafaransa humwitia mtu wa namna hiyo lilitoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni mwenye kupenda. Siku hizi watu hulitumia kwa dharau, wakitaka kusema, Huyu hajui vema. Krenov alilichukua kwa heshima, akataka lirudi katika maana yake ya kwanza.

Lakini hapa yatubidi kuwa waangalifu, kwa kuwa neno kupenda laficha mambo mawili. Mtu aweza kuipenda kazi, na mtu aweza kujipenda mwenyewe katika kazi. Kwa macho wawili hawa wafanana: wote wawili hushuka ngazi jioni, wote wawili husifu harufu ya maranda. Tutawatenganishaje? Twaona ya kwamba ubao wenyewe huwatenganisha, na hapa ndipo ilipo kiini cha maneno yetu.

Kila seremala ajua ya kwamba mti ukikatwa haukomi kujongea. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na hewa ikikauka ubao hunywea. Nao hufanya hivyo kwa upana wake, lakini kwa urefu wake karibu haubadiliki. Katika nchi za baridi jambo hili ni kali sana, maana wakati wa joto hewa ina unyevu, na wakati wa baridi hewa ya nyumba ipashwayo moto hukauka mno. Basi mtu akitengeneza mlango wa kabati kwa ubao mpana mmoja, akaubana pande zote kwa gundi na misumari, wakati wa baridi ubao utataka kunywea na hautapata nafasi, nao utapasuka kwa mlio katikati ya usiku. Kwa hiyo mafundi tangu zamani hutengeneza fremu ya vipande vyembamba, wakachimba mfereji ndani yake, na ubao mpana huutia katika mfereji huo bila gundi, ili uvimbe na kunywea upendavyo. Mfereji hauonekani, wala nafasi iliyoachwa ndani yake haionekani. Mlango uliofanywa vibaya na mlango uliofanywa vema ni sawa kabisa siku ya kwanza. Tofauti yaonekana baada ya baridi moja au mbili.

Vivyo hivyo na kiungo cha droo. Fundi hodari hukata meno mapana nchani na membamba shinani, yaumane na meno ya ubao wa pili, hata droo ikivutwa mara elfu haiachani. Mwenye haraka hukata ovyo, pakabaki mwanya. Kisha huchanganya unga wa mbao na gundi, huujaza mwanya, hupiga msasa, hupaka rangi. Hapana mtu atakayejua, ila yeye mwenyewe. Na siku moja atajua mtoto wake, atakapoivuta droo ikabaki na uso tu mkononi.

Hapo ndipo wawili wale wanapoachana. Anayejipenda katika kazi huuficha mwanya, kwa kuwa alitaka sifa, na sifa hutolewa kwa uso wa nje. Anayeipenda kazi hukaa kitako, hutazama, huugua, kisha huutupa ubao ule na kuanza tena. Au kama hana ubao mwingine, huliacha kosa lionekane, asiseme uongo juu yake. Wala hapana msimamizi aliyemwamuru. Huko chini ya nyumba mtu hana udhuru. Mnunuzi hakumharakisha, bwana hakumpunja, njaa haikumsukuma. Akiifanya kazi mbovu na kuificha, ni yeye mwenyewe aliyetaka. Akiifanya njema mahali pasipoonekana, ni yeye mwenyewe aliyetaka. Ndiyo maana twasema ya kwamba karakana hiyo ndogo, hata kama watu huiita mahali pa mchezo, ni mahali pa kupimwa.

Lakini mtu mmoja aweza kutujibu: Unyofu wa namna hiyo ni rahisi kwa mwenye mshahara mwingine. Fundi wetu wa kando ya barabara, mwenye meza yake chini ya mwembe, hana jioni ishirini. Mnunuzi ataka kitanda kesho kutwa, na bei ameikata nusu. Mbao zimetoka msituni juzi, hazijakauka. Je, mtamhukumu huyu kwa mfereji na kiungo cha meno?

Neno hili ni kweli, nasi hatutaki kumhukumu. Ingekuwa aibu kubwa kama mtu aliyeshiba angemfanya mwenye njaa mkosefu kwa sababu ametumia misumari. Kitanda cha misumari kisemacho wazi, Mimi ni kitanda cha misumari, ni kitu cha haki. Tofauti si kati ya misumari na meno, wala si kati ya polepole na upesi. Tofauti ni kati ya kitu kinachosema kweli juu ya nafsi yake na kitu kinachodanganya. Fundi wa mwembeni akimwambia mnunuzi, Mbao hizi bado mbichi, mlango huu utapinda, ukiweza ngoja hata zikauke, ukishindwa nitaufanya kwa bei hii, huyo ni ndugu yake kweli yule afanyaye kwa mapenzi huko Bromma. Lakini akiuza mninga na ndani ni mti laini uliopakwa rangi, hakuna umaskini utakaomfanya kuwa mkweli. Sheria ni moja kwa wote wawili. Mwenye nafasi huiona wazi zaidi kwa kuwa hana la kujifunika. Mwenye shida huishika kwa taabu zaidi, na kwa hiyo heshima yake ni kubwa zaidi akiishika.

Sasa na turudi kwa neno la jirani, maana bado hatujalijibu. Twasema ya kwamba kazi ya chini ya nyumba ina jirani, tena watatu, ila hawabishi mlango.

Jirani wa kwanza ni wale walalao juu ya dari ile. Vumbi jembamba la mbao halikai chini. Hupanda ngazi pamoja na hewa. Tangu mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limelihesabu vumbi la mbao miongoni mwa vitu viwapavyo watu saratani. Tena kuna hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Mafuta ya kitani, ambayo maseremala hupaka mbao ili zing'ae, yakaukapo huvuta hewa na kutoa joto. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni, joto hukusanyika ndani yake, na baada ya saa kadhaa chaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kwa hiyo mtu mwangalifu hukitandaza nje kikauke, au hukitia katika kopo la bati lenye maji. Ni kazi ya dakika mbili, wakati mtu amechoka na ataka kulala, wala hapana atakayemsifu kwayo asubuhi. Lakini kama twataka kujua kama mtu huyu ni fundi mwema, tusitazame kabati lake kwanza. Tutazame vitambaa vyake. Na pamoja na hayo tuhesabu saa zake. Chumba cha chini chaweza kuwa mahali pa kupumzika, na chaweza kuwa mahali pa kujificha. Mke akilia juu na randa ikilia chini, basi hata kiungo kizuri kimefungwa vibaya.

Jirani wa pili ni seremala wa mtaani, ambaye kwa kazi hii apata chakula. Mtu wa mshahara akitengeneza meza kwa kujifurahisha, kisha akaiuza kwa bei ya mbao tu, akisema, Mimi sihitaji faida, atajiona mkarimu. Lakini amemfundisha mnunuzi ya kwamba kazi ya mikono haina thamani, na kesho mnunuzi yule atamwendea fundi wa mtaani na kumtaka afanye kwa bei hiyo hiyo. Huo si ukarimu. Ni kumkata mwenzake riziki bila kujua. Yafaa basi atoe bure kama zawadi, au auze kwa bei ya haki inayohesabu saa zake. Asikae katikati.

Jirani wa tatu ni yule ajaye nyuma. Maarifa ya mikono hayakai sana katika vitabu. Hukaa mikononi, nayo hufa pamoja na mikono. Namna ya kunoa patasi hata ikate unywele, namna ya kuusikia ubao kwa kiganja na kujua upande ambao randa itakwenda laini, haya hutoka kwa mtu hata mtu. Mwenye karakana aliyejifunza haya kwa jioni nyingi ana deni. Mtoto wa jirani akisimama ngazini akitazama, asimfukuze kwa kuwa atavuruga vyombo. Ampe kipande cha ubao na msumeno mdogo.

Liko pia jambo la vyombo, ambalo twalipita upesi kwa kuwa wazee wamekwisha kulisema kwa maneno manne: mchagua jembe si mkulima. Katika nchi hizo maduka ya vyombo ni mengi, na wako watu wenye randa kumi na mbili zing'aazo ambao hawajamaliza kigoda kimoja. Kununua chombo hufanana sana na kufanya kazi. Mtu hujisikia fundi siku ile anapokifungua kikasha. Lakini mapenzi ya vyombo si mapenzi ya kazi. Dawa yake ni kumaliza kile kilichoanzwa kwa vyombo vilivyopo.

Basi tutasema nini juu ya lawama ya kwanza, ile ya upotevu? Ni kweli kigoda cha dukani ni rahisi. Lakini yeye aliyehesabu bei ya kigoda hakuhesabu kitu kimoja. Mtu wa siku hizi mara nyingi hufanya kazi ambayo mwisho wake hauoni. Huandika karatasi moja katika elfu, hukaza skrubu moja katika mashine asiyoijua itakakokwenda, naye akikosea mwingine hulipa, na akifanya vema hapana ajuaye. Mtu akikaa hivyo miaka mingi, husahau ya kwamba kitendo chake ni chake. Huanza kusema, Si mimi, ni ofisi. Si mimi, ni amri. Lakini akishuka ngazi na kuukata ubao mfupi kuliko alivyopima, hapana ofisi. Ubao ni mfupi, na aliyeukata ni yeye. Kuweza kusema maneno haya, Aliyeukata ni mimi, ni jambo kubwa. Na mtu aliyejizoeza kuyasema mbele ya ubao huenda ataweza kuyasema kesho mbele ya mtu mwenzake aliyemkosea. Hatusemi ya kwamba kila mwenye randa ni mnyofu; tumekwisha kuona namna mwanya ufichwavyo. Twasema tu ya kwamba mahali pa kujizoeza pako, tena bei yake si kubwa.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kazi isiyo na ujira ni kazi kweli, kama mtu akubali kufungwa na sheria yake hata pasipo shahidi, na kama hawasahau majirani wake watatu. Akiikataa sheria hiyo, au akiwasahau hao, ni mchezo. Na mchezo wenye misumeno mikali na mafuta yawakayo si mchezo mwema.

Wasomaji wetu wengi hawana chumba chini ya nyumba, wala udongo wetu hauvimbi kwa barafu. Lakini kila mmoja wetu anayo kazi yake isiyoonwa. Mwalimu wa kanisa hutayarisha mafundisho usiku, hali ajua ya kwamba wanafunzi wangetosheka na yale ya mwaka jana. Mama hushona upindo wa ndani wa nguo, ambao hautatazamwa na mtu. Mkulima hupalilia katikati ya shamba, mahali ambapo mpita njia haoni, kama apaliliavyo pembeni mwa njia. Karani wa usharika huandika hesabu sawasawa katika daftari lisilofunguliwa na mtu. Yusufu wa Nazareti alikuwa seremala miaka mingi, na hakuna hata kimoja katika vitu vyake alivyovitengeneza ambacho tumehadithiwa habari zake. Ila twaweza kuamini ya kwamba watu walivitumia.

Wazee wa pwani walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamaye ufukoni huona tanga na bendera. Lakini chombo hakielei kwa tanga. Chaelea kwa mbao zilizo chini ya maji, zilizounganishwa vema na mtu ambaye siku ile alikuwa peke yake, amelala chali chini ya jahazi, na hapana aliyekuwa akimtazama. Na sisi, tunapokuwa peke yetu na kazi yetu, tuziunganishe mbao zile vema. Maana wako watakaosafiri juu yake.